Tembe la Chamwino, nyumba ya mteremkoni Mbulu, au kuta za udongo chini ya bati: tujenge ipi?

Familia yetu ina maeneo mawili ya ardhi na ndoto moja. Eneo la kwanza ni kiwanja cha Chamwino, mkoani Dodoma, ambacho mume wangu, Mgogo, alikipata kwa baba yake. La pili ni kipande cha mteremko huko Mbulu, mkoani Manyara, ambacho mimi, Mwiraqw, niligawiwa na kaka zangu baada ya mazungumzo yasiyofaa kusimuliwa hapa. Ndoto yenyewe ni nyumba ya vyumba vitatu na sebule, iliyojengwa kwa udongo wa palepale na kukingwa na udongo huohuo dhidi ya jua na upepo, itakayotutosha sisi wawili, watoto watatu na mama mkwe wangu.

Kwa miezi kadhaa tumekuwa tukilinganisha njia tatu za kuifikia: tembe la Kigogo, yaani nyumba ya paa bapa la udongo, lililoboreshwa; nyumba iliyochimbwa ndani ya mteremko kama walivyofanya Wairaqw wa zamani, na nyumba ya matofali ya udongo yaliyoshindiliwa, yenye paa la bati na tuta la udongo upande wa jua kali. Nyumba ya bloku za saruji tumeiweka pembeni kama kipimo tu, kwa kuwa hiyo ndiyo kila fundi huipendekeza kabla hujamaliza kumweleza unachotaka.

Hatukuanzia kwenye picha za mtandaoni za nyumba za Iceland zenye nyasi juu ya paa, ingawa watoto walizipenda sana. Waliozibuni walikuwa wakikimbia baridi, na ushauri unaotoka nchi za kaskazini huelekeza madirisha yatazame kusini ili yapokee jua la majira ya baridi. Dodoma iko takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha hupita kusini kwa miezi iliyobaki, na nyakati zote hizo huwa juu kiasi kwamba upenu wa kawaida hulizuia. Upande unaotutesa ni magharibi, ambako jua la saa tisa na saa kumi alasiri huingia likiwa limeinama na hakuna upenu unaolifikia. Anayenakili ramani ya nyumba ya Ulaya bila kuligeuza jambo hili hujenga tanuri kwa gharama ya kisima.

Udongo hutoa wastani

Watu husema nyumba ya udongo ina ubaridi. Usemi huo ni kweli Dodoma, ni kweli kupita kiasi Mbulu, na usingekuwa kweli Dar es Salaam, na sababu ya yote matatu ni moja. Kadiri unavyochimba ndivyo joto la udongo linavyoacha kufuata mchana na usiku. Ukifika kina cha mita moja hivi, tofauti ya mchana na usiku haionekani tena, na ukishuka mita kadhaa unakuta joto linalokaribia wastani wa mwaka mzima wa mahali hapo. Dodoma mjini, penye mwinuko wa mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, wastani huo ni kama nyuzi joto 23, ingawa mchana wa Novemba hufika 30 na usiku wa Julai hushuka hadi 14 au chini yake. Mwanadamu hustarehe kwenye 23. Pwani wastani ni kama 26 na hewa imejaa unyevu, hivyo chumba kilichozama ardhini kingekuwa na joto lilelile la nje, kikiwa kimenyimwa upepo wa bahari, na kuta zake zingetoa jasho. Mbulu, kwenye nyanda za juu, wastani haufiki 20. Chumba kilichozama huko kitakuwa na ubaridi usiokoma, na wazee walioishi humo walikuwa na moto wa kuni uliowaka karibu muda wote na mifugo iliyolala nao chini ya paa moja.

Ukuta mnene peke yake, hata usipofukiwa, hufanya sehemu ya kazi hiyo. Ukuta wa udongo wenye unene wa sentimita 30 hadi 40 huchelewesha joto la nje kwa saa nane hadi kumi na mbili, maana yake joto la adhuhuri huingia chumbani usiku, wakati ambapo Dodoma mtu anahitaji kujifunika. Bloku ya saruji ya inchi sita yenye matundu haiwezi hivyo, na bati lisilo na dari haliwezi kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa familia yoyote yenye ndoto kama yetu ni kiasi gani cha ulinzi wa udongo unahitajiwa na hali ya hewa ya kiwanja husika, kwa sababu kila sentimita ya udongo unaoupandisha juu ya paa ina bei yake.

Tembe la Kigogo

Tembe ni nyumba ndefu ya mstatili, fupi kwa kimo, yenye paa bapa, iliyopangwa kuuzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Nguzo husimikwa ardhini, boriti hulazwa juu yake, kisha hufuata fito, matawi madogo na majani, na juu ya vyote udongo unaomwagwa na kushindiliwa mpaka unashikamana. Kuta ni fito zilizokandikwa, na kwa kawaida hazibebi paa. Paa hubebwa na nguzo. Mpangilio huu una hekima kubwa, kwani ukuta ukimomonyoka kwa mvua unaukandika upya bila paa kutikisika. Wala tembe halikuwa makazi ya wanyonge peke yao: tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, alimokaa Livingstone hadi Agosti 1872, lilikuwa la wafanyabiashara wa Kiarabu wenye uwezo, na leo ni makumbusho.

Uzuri wake wa kwanza kwetu ni kwamba linafaa mahali lilipozaliwa. Mvua za Dodoma hazizidi milimita 600 kwa mwaka wa kawaida na hunyesha kwa msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili mwanzoni, kwa hiyo paa bapa la udongo hupata miezi saba ya kukauka. Upepo wa Julai na Agosti, unaoezua mabati ya majirani, hauna pa kulishika tembe. Ndani huwa kimya. Nimewahi kukaa katika tembe la ndugu wa mume wangu mvua ikinyesha, nikasikia watoto wakinong'onezana chumba cha pili. Chini ya bati ningelazimika kupaza sauti hata kwa mtu aliye mbele yangu.

Tatizo la kwanza ni uzito. Mita moja ya ujazo ya udongo mkavu ina uzito wa karibu tani moja na nusu, na ukilowa hukaribia tani mbili. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye udongo wa sentimita 30 juu yake kimebeba tani 9 wakati wa kiangazi na karibu tani 12 baada ya mvua kubwa, hapo hujahesabu mbao zenyewe. Paa la bati kwa chumba hichohicho lina uzito wa kilo chache tu kwa kila mita ya mraba. Tani hizo hubebwa na nguzo ambazo miguu yake imo ardhini pamoja na mchwa. Wazee walichagua miti migumu ambayo mchwa hauitaki, na kiini cha mpingo ndicho mfano unaojulikana na wengi, lakini mpingo wa kutosha nyumba nzima leo haupatikani kirahisi, na kuuvuna kunahitaji kibali cha misitu. Neno «asili» hapa linadanganya kidogo. Nyumba ambayo kila kitu chake kimetoka porini inaweza kuligharimu pori kuliko nyumba yenye mifuko michache ya saruji, na mkoa wa Dodoma unalijua jambo hili kwa uchungu: mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa mbaya kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo hilo ili ardhi ipumue.

Uzito una upande mwingine ambao mafundi wengi hawautaji. Dodoma imo katika ukanda wa Bonde la Ufa, na ardhi hutikisika mara kwa mara. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilionyesha jinsi kuta za udongo na matofali zisizofungwa kwa lenta, yaani mkanda wa zege na nondo unaozizunguka kwa juu, zinavyoanguka. Sasa mtu aongeze juu ya kuta au nguzo dhaifu tani 12 za paa, kisha afikirie watoto wamelala chini yake.

Tatizo la pili ni papasi. Wadudu hawa hujificha mchana katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku kunyonya damu, na huambukiza homa ya papasi, inayopoa na kurudi tena kwa vipindi na ambayo ni hatari zaidi kwa wajawazito na watoto wadogo. Dodoma vijijini inafahamika kwa ugonjwa huu, na matembe yamelaumiwa kwa haki. Mama mkwe wangu aliumwa homa hiyo akiwa msichana, na alipotusikia tukilisifu tembe mezani aliniambia: «Mwanangu, mimi tembe nalipenda, lakini sakafu yake msinipe.» Kwa bahati nzuri kasoro hii inatibika bila kuliacha tembe. Sakafu ya jamvi la zege au ya udongo uliochanganywa saruji na kulainishwa vizuri, pamoja na kuta zilizopigwa lipu ya chokaa zisizoachwa na ufa, humwondolea papasi maficho. Kinachohitajika ni ukaguzi wa kila mwaka na mkono usiochoka.

Matunzo hayo ndiyo gharama ambayo haiandikwi popote. Kabla ya kila msimu wa mvua mtu hupanda juu, huziba nyufa, huongeza udongo palipozama na hung'oa miche iliyoota. Zamani kazi hiyo ilifanywa na nyumba yenye vijana wengi. Sisi tunafanya kazi za kuajiriwa, na watoto wako shuleni.

Nyumba ya kuchimbwa mteremkoni

Upande wangu wa familia una urithi wake. Katika kitovu cha zamani cha Wairaqw, milimani Mbulu, watu walichimba mteremko, wakaingiza nyumba ndani yake na kulaza paa la udongo mpaka likawa sawa na ardhi ya nyuma, hivi kwamba mtu aliyesimama juu ya kilima angeweza kupita asijue kuna watu chini. Inasimuliwa kwamba shabaha ilikuwa kujificha na kuficha ng'ombe dhidi ya wavamizi wa Kimaasai. Nalisisitiza hili kwa sababu linabadilisha hesabu: nyumba ile haikubuniwa kwa ajili ya starehe ya joto. Ilibuniwa kwa ajili ya usalama, na walioishi ndani walivumilia moshi, giza na unyevu kama bei ya usalama huo. Sisi hatuna wa kumkimbia.

Anayetaka kuichimba leo atakutana kwanza na msukumo wa udongo. Ukuta wa nyuma wenye kimo cha mita 2.4, ukiwa umefukiwa udongo wa kawaida ulio mkavu, husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu tani 1.7 kwa kila mita moja ya urefu wake. Ukuta wa mita 8 basi unasukumwa kwa tani 13 hadi 14, usiku na mchana. Maji yakijaa nyuma yake kwa kukosa pa kutokea, msukumo huzidi mara mbili. Matofali ya udongo hayawezi kuzuia mzigo huo, na ukuta wa mawe unaoweza lazima uwe mnene sana; kwa kawaida mhandisi ataandika zege na nondo. Hapo ndipo ndoto ya nyumba ya asili inapogeuka kichekesho, kwa sababu nyumba inayoonekana ya asili kuliko zote, ile isiyoonekana kabisa, ndiyo inayokula saruji na chuma kuliko ile iliyosimama juu ya ardhi.

Maji ndiyo hoja ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua. Mbulu hunyesha zaidi kuliko Dodoma, na mteremko hukusanya maji ya kila aliye juu yako. Nyumba ya namna hii inahitaji mfereji wa juu wa kuyageuza maji kabla hayajaifikia, tabaka la kokoto nyuma ya ukuta wote, bomba lenye matundu chini kabisa ya msingi linalotoa maji nje kwa mteremko wake wenyewe, na tabaka la lami au nailoni nzito kwenye uso wa ukuta unaogusa udongo. Vyote hivi hufukiwa. Bati likivuja unapanda ngazi na kuziba tundu. Ukuta uliofukiwa ukivuja unachimba bustani nzima kutafuta mahali ambapo fundi aliitoboa nailoni kwa koleo miaka mitano iliyopita. Mtu asiyekuwa na uhakika wa kumsimamia fundi siku ile ya kufukia, akiwa amesimama palepale tangu asubuhi hadi jioni, asiingie katika njia hii.

Mwanga na hewa vinafuata. Nyumba iliyofukiwa pande tatu ina uso mmoja tu, na mwanga wa dirisha hufaa kusomea mpaka umbali wa mara mbili hivi ya kimo cha dirisha kutoka sakafuni. Dirisha linalofika mita 2.1 basi hulisha chumba cha mita 4 na zaidi kidogo, na chochote kilicho nyuma ya hapo, kwa kawaida bafu na stoo, kinahitaji tundu la paa. Hewa nayo lazima ipitishwe kwa makusudi, kwa bomba la kutolea juu upande wa nyuma, si kwa ajili ya harufu na ukungu peke yake. Udongo na miamba yenye chembe za urani hutoa gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujikusanya katika vyumba vilivyozama na kuongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wanaoivuta kwa miaka mingi. Huko Bahi na Manyoni, magharibi mwa Dodoma, urani inajulikana kuwamo ardhini, kwa hiyo mwenye kiwanja upande huo anayewaza kuchimba ana sababu ya ziada ya kutofunga chumba bila njia ya hewa.

Pamoja na yote haya, sitaki kuidharau. Kwenye mteremko mkavu, wenye moramu (udongo wa changarawe) au mwamba unaochimbika, usio na chemchemi, na katika nchi ya joto la mchana na baridi la usiku, hakuna nyumba inayotulia kama hii. Mteremko wetu una baridi mchana na usiku, na una majani mabichi hata Septemba, dalili ambayo kila mkulima anajua maana yake.

Udongo ukutani, bati juu

Njia ya tatu haina picha nzuri za kuwaonyesha marafiki. Udongo wa kiwanjani huchekechwa, huchanganywa na saruji kidogo, kati ya asilimia 5 na 10, hushindiliwa katika mashine ya mkono, na tofali hutoka likiwa na meno ya kushikana na wenzake, hivyo ukuta hupanda kwa chokaa kidogo cha kujengea au bila kabisa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyahimiza matofali haya ya kufungamana kwa miaka mingi. Hayachomwi, na kwa hiyo hayahitaji magogo ambayo tanuri la tofali za kuchoma humeza; hilo peke yake linatosha kwangu kuliita tofali la asili zaidi kuliko lile jekundu la kijijini.

Tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10 lina uzito wa kilo 8 hivi, na mfuko wa saruji wa kilo 50 hutoa kati ya 70 na 100, kulingana na udongo. Mita moja ya mraba ya ukuta hutumia 33. Nyumba yetu, yenye kama mita 150 za mraba za ukuta, inahitaji matofali 5,000, yaani mifuko 50 hadi 70, pamoja na ile ya msingi, jamvi na lenta. Kazi ngumu si kufyatua. Ni kumwagilia kwa wiki moja hadi mbili chini ya kivuli, na hapo ndipo vibarua hukwepa, wakijua kwamba tofali lililokauka haraka huonekana sawa na lililotunzwa mpaka siku litakaposhikwa na mvua.

Udongo wenyewe lazima ujaribiwe. Jaza nusu ya chupa ya kioo kwa udongo uliochimbwa chini ya tabaka la mboji, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uache siku moja: mchanga hukaa chini, kisha vumbi laini, kisha mfinyanzi juu. Udongo wenye mchanga mwingi na mfinyanzi wa wastani hukubali saruji; wenye mfinyanzi mwingi hukubali chokaa zaidi. Ule mweusi wa mbugani, unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, haufai kwa lolote kati ya haya matatu, na hata msingi haupendi kukaa juu yake.

Udhaifu wa njia hii uko juu. Katika nchi yetu jua hupiga paa kuliko linavyopiga ukuta, kwa hiyo kuta za udongo chini ya bati tupu ni sawa na kuvaa koti bila kofia. Inabidi pawe na dari, na nafasi kati ya dari na bati ipitishe hewa kwa matundu yaliyowekwa wavu. Upande wa magharibi tumepanga tuta la udongo linalofika chini ya madirisha, yaani kimo cha mita moja, ambalo msukumo wake ni sehemu ndogo tu ya ule wa ukuta wa mita 2.4 kwa kuwa msukumo hukua kwa mraba wa kimo. Mita ile ya chini tutaijenga kwa mawe. Juu ya tuta patapandwa mkonge na vitu visivyoomba maji.

Pale zinapoachana kabisa

Nimeshangaa kuona kwamba jambo lililotuamulia halikuwa joto, wala bei, wala uzuri. Lilikuwa mfereji wa bati. Paa la mita 120 za mraba, Dodoma, katika mwaka wa mvua ya milimita 570, hupokea lita 68,000 na ushei. Ukitoa zinazopotea, hubaki kama 55,000. Familia ya watu sita inayotumia lita 20 kila mmoja kwa siku hutumia 120, na simtanki moja la lita 10,000 lililojaa mwishoni mwa masika hututosha siku 83. Yakiwa matatu, yanatosha kutuvusha hadi mvua nyingine. Tembe na nyumba ya kuchimbwa hunywa sehemu kubwa ya mvua hiyo kwa paa lake, na kiasi kinachotiririka hutoka na tope. Chamwino, ambako nimeona mtoto akikosa kipindi cha kwanza shuleni kwa sababu ya foleni ya bombani, siwezi kulipa lita 55,000 kwa ajili ya paa la udongo.

Zipo tofauti nyingine zinazohitaji sentensi moja moja. Kiwanja kilichopimwa mjini kinahitaji kibali cha ujenzi na michoro, na ofisa atakayeisoma atakuwa na maswali machache sana kuhusu nyumba ya matofali kuliko kuhusu nguzo na udongo, hasa ukikumbuka kwamba kwa miaka mingi viongozi wamewahimiza wananchi wa mikoa ya kati waachane na matembe. Anayekusudia kukopa benki kwa dhamana ya nyumba ajue kwamba mthamini huandika anachokitambua. Na fundi wa kujenga tofali la kufungamana hupatikana, ilhali wa tembe lililoboreshwa lazima umtengeneze mwenyewe kutoka kwa mzee anayejua nguzo na kijana anayejua zege, na uwasikilizanishe.

Hata hivyo tembe halikutoka mikono mitupu. Mume wangu hakukubali kulala chini ya dari ya mbao laini, na hoja yake ilikuwa na nguvu: uzito wa udongo juu ya kichwa ndio unaoleta ule utulivu ninaousifu mimi mwenyewe. Tulichokubaliana ni chumba kimoja, cha mama, kijengwe kama tembe lililovaa mwavuli: boriti zilizotibiwa zikikaa juu ya lenta iliyofungwa nyumba nzima, mbao, nailoni, kisha udongo mkavu wa sentimita 10 tu, na bati likipita juu yake kwa umbali wa nusu mita. Udongo huo una uzito wa kilo 150 kwa kila mita ya mraba, theluthi moja ya ule wa tembe, na kwa kuwa haulowi, hauongezeki. Mhandisi aliyetuchorea aliupunguza upana wa chumba kutoka mita 4 hadi 3.2 kwa ajili hiyo, na mama hakulalamika. Alichouliza ni iwapo sakafu itakuwa ya zege.

Mteremko wa Mbulu hatukuutupa. Mwezi wa Oktoba kaka yangu alichimba shimo la mita mbili na nusu mahali ambapo ukuta wa nyuma ungesimama, akalifunika kwa mabati ili mvua ya juu isiingie, na kila Jumapili hushusha kamba yenye jiwe kupima. Hadi wiki ya pili ya Januari jiwe lilikuwa likirudi na vumbi. Jumapili iliyopita alinipigia simu kuniambia limerudi limelowa hadi nusu ya kamba, nikamwambia aendelee kupima mpaka Mei, na wakati huohuo asiwaruhusu watoto kucheza karibu.